Kinyago cha Haji Bihi

Haji Bihi alipompasua tumbo mwanasesere wangu mbele ya wanawake wa mtaa mzima, sikusema neno. Wakadhani naona haya. Haya itoke wapi! Nilikuwa natazama mkono wake. Rafuni palikuwa na wanasesere chungu nzima, wote wa matete, wote nimewavika vitambaa vya mabaki ya mshonaji mmoja, na yeye hakupapasa wala hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa yule wa pembeni mwenye gauni la kijani, akamshika shingo, akatoa kisu chake cha kufungulia maboksi, akachana. Nikasema moyoni: mzee wewe, utanikoma.

Tumboni mkatoka fundo la nywele nyekundu za hina. Ndani ya fundo palikuwa na kikaratasi kilichochorwachorwa mistari ya ovyo, kazi ya mtu asiyejua hata kughushi uchawi.

"Mnaona?" akasema Bihi, akilinyanyua lile fundo wote walione. "Si niliwaambia? Ashura inaingia, na watoto wenu wanakatwa nywele humu ndani."

"Hizo nywele za Tuda," akasema Yamna.

Yamna ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Bintiye Tuda ndiye mtoto pekee chumbani kwangu aliyepakwa hina kichwani siku zile, kwa sababu ya arusi ya mjomba wake. Akalichukua fundo, akalinusa, akalitupa chini.

"Lalla Ijja," akaniambia, Lalla yaani bibi, heshima bado hajaniondolea, "mwanangu kakukosea nini?"

Katika mji wetu wa Tiznit nywele za mtoto ndani ya tumbo la mwanasesere, tena mwezi wa Ashura, hazina maelezo mawili. Hata mtu anayewacheka waganga mwaka mzima, siku hizo huficha kucha zake akishazikata. Niseme nini? Kwamba sijui? Mchawi gani aliyewahi kusema anajua? Wanawake wakawakusanya watoto wao, mwingine kasahau kiatu cha mwanawe, mwingine anamfunika mwanawe uso nisije nikamwangalia. Mpaka adhuhuri chumba kilikuwa kitupu.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya kibanda cha Abella, fundi viatu. Niliwapokea humo watoto ambao hawajafika umri wa shule, mama zao wakienda kwenye shughuli zao. Sikuwa na kitu cha kununua, na sikukitaka. Vifuniko vya soda tulivipaka rangi vikawa hesabu. Trei za mayai zilikuwa za kupangia kokwa, za tende huku, za zeituni huku, za argani kule. Herufi tulizikata kwenye maboksi, tukazipaka gundi ya unga na kuzimwagia mchanga, mtoto akipitisha kidole anaijua herufi hata kafumba macho. Kwenye vichupa vya dawa vilivyokwisha tulitia bizari, mnanaa na karafuu, mtoto anafungwa kitambaa usoni, ananusa, anataja, na akikosea wenzake wanamzomea mpaka anacheka mwenyewe. Wanasesere tuliwafunga kwa matete mawili yaliyopishana, kama bibi zetu walivyofanya, na nywele zao zilikuwa za mbuzi. Za mbuzi! Mtu yeyote mwenye pua angejua.

Nasema tulifanya, maana nilikuwa na mdogo wangu Taazza. Mama alipofariki nilimlea, na alipokua akawa mkono wangu wa pili. Yeye ndiye aliyeokota vifuniko barabarani, yeye ndiye aliyepika gundi, na kila asubuhi yeye ndiye aliyewapokea watoto mlangoni na kuwachana nywele kabla hatujaanza. Watoto walimpenda kuliko mimi. Mimi nina sauti kubwa.

Na Bihi je? Bihi ana duka la midoli ya plastiki pale lango la soko. Ashura ndiyo msimu wake. Kila mzazi lazima amnunulie mtoto kitu, gari, bastola ya maji, ngoma, na Bihi hufungua maboksi kuanzia alfajiri. Sasa mwaka ule niliamua watoto wajitengenezee wenyewe. Wakatengeneza magari ya mikebe ya samaki, magurudumu ya vifuniko, na wakawa wanayavuta kwa kamba mtaa mzima, kelele mpaka mbinguni. Watoto wa mitaa mingine wakayataka. Mama zao wakaja kuniuliza yanafanywaje, nami nikawaonyesha, bure, pale pale mlangoni.

Bihi akaja. Alisimama kizingitini, hakuingia, anachokonoa meno kwa njiti kama kawaida yake.

"Lalla Ijja, unawafundisha watoto kuchezea takataka," akasema.

"Takataka zetu zinadumu, Haji. Gari lako lilimfia mtoto wa Yamna mkononi kabla chai haijapoa."

Taazza alicheka nyuma yangu, na watoto wakacheka kwa sababu Taazza kacheka.

"Msimu wangu ukiharibika," akasema, "na wako utaharibika."

"Nenda zako kauze, baba. Unanizibia mwanga."

Siku chache baadaye akarudi na wanawake nyuma yake, na kisu.

Basi. Walipoondoka wote nikakaa chini, nikaokota lile fundo ambalo Yamna alilitupa, nikaligeuzageuza. Mimi maisha yangu yote nimeishi kwa kuokota vitu, hakuna uzi wala karatasi nisiyoweza kukwambia ilikotoka. Nywele zilikuwa zimefungwa kwa kikamba cheupe cha waya, kile cha kuifunga mikono midoli ya dukani ndani ya boksi isichezecheze. Mimi sijawahi kuwa na mdoli wa boksi humu ndani. Na kikaratasi kilikuwa cha gamba la boksi, upande mmoja rangi ya waridi. Nikajua. Lakini kujua kwangu kungemsaidia nani? Nani angemsikiliza mchawi?

Taazza alikuwa anafagia. Akaja, akanishika bega.

"Dada, njoo uone. Dirisha la nyuma halina komeo. Limeng'olewa."

Nikaenda, kweli, komeo linaning'inia kwa msumari mmoja.

"Kapita hapa," nikasema. "Kitambi chote kile, kapita hapa! Nywele kaziokota kwenye takataka zetu."

"Lazima," akasema Taazza. "Atakuwa amepita hapo."

Akalia, nami nikambembeleza. Kumbuka hilo, nilimbembeleza mimi.

Siku zilizofuata zilinifundisha mtaa ni nini. Nikipita, watu wanavuta watoto. Muuza mkate akawa anaweka mkate wangu juu ya benchi nijichukulie, tusigusane mikono. Tuda aliniona kwenye kona akaanza kunikimbilia na gari lake la mkebe, na Yamna akamnyakua hewani, kigari kikabaki njiani peke yake. Nililia siku hiyo, sikatai. Nililia kwa hasira mpaka taya zikaniuma. Watu wakadhani toba. Toba! Nilikuwa na haja moja tu duniani: Bihi aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu walewale, kwamba alifanya yeye. Sikutaka anilipe, sikutaka afungwe, nilitaka aseme. Bila hivyo nisingepata tena hata mtoto mmoja wa kumfundisha kuhesabu vifuniko, na jina langu lingekuwa Mchawi mpaka nizikwe.

Aliyenipa njia ni Abella. Alikuja kizingitini na aproni yake ya ngozi, mikono myeusi kwa rangi ya viatu.

"Lalla Ijja, unakufa?"

"Bado."

"Basi tufanyie vinyago. Ashura hii hatuna kichekesho."

Abella ndiye kiongozi wa wavaa vinyago wa mtaa wetu. Kila Ashura, siku chache mfululizo, jua likishazama, wanatoka na ngozi za kondoo na nyuso za maboksi, wanakwenda uwanjani, wanaigiza watu wa mji. Wanamwigiza wanayemtaka, tajiri, imamu, afisa, mwenye wake wawili anayelala nje. Na sheria ni moja, kila mtu anaijua toka utotoni: anayechekwa anacheka au ananyamaza. Akikasirika, akijibu, basi kinyago ni chake, na alichoigiziwa ni kweli. Nimeona watu wazima wenye heshima zao wakikaa wanauma midomo, jasho linawatoka, wanacheka kwa lazima. Siku ya pili hakuna anayeruhusiwa kuulizia nani alikuwa chini ya kinyago.

Nikamtazama Abella. Abella akanitazama.

"Kinyago cha nani?" nikauliza.

"Wewe unaye mtu?"

"Ninaye."

"Nilijua unaye," akasema, akaketi.

Wallahi sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile. Nilikwenda mwenyewe nyuma ya duka la Bihi, nikaokota maboksi yake ya waridi yaliyotupwa. Nilitaka uso wake utoke kwenye mali yake. Nikayaloweka, nikayakunja, nikayabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga. Mashavu yake yale yaliyojaa, nikayajaza matambara. Nyusi zake nilizisuka kwa sufu ya kondoo mweusi, ya kushoto juu kidogo kuliko ya kulia, kama anavyoinyanyua akikudanganya. Nikamtia njiti mdomoni. Miwani nikaifanya kwa vitako vya chupa. Nikamshonea kitambi cha gunia. Kila tabaka nililolibandika nililisemesha: hili la chumba changu, hili la Tuda, hili la mkate wa benchi.

Taazza alikaa pembeni, mkasi mkononi, hakati.

"Kata hilo sikio," nikamwambia.

"Dada, liache jambo hili. Watasahau tu."

"Nani atasahau? Wewe umesahau?"

"Ni mzee. Ana wajukuu. Watamcheka mji mzima."

"Ndiyo maana yake, mama! Unafikiri nambandikia masikio ili asikie adhana? Kata. Usipinde."

Akakata. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, lazima niseme, sikio likatoka Bihi mtupu. Nikamwambia nimepanga mchezo wote na Abella: Bihi anaingia chumbani kinyemela, anachana mwanasesere, anatia nywele. Sikuwa nimemaliza, akanikatiza.

"Anaingiaje?"

"Dirishani. Si ndiko alikopita?"

"Ndiyo," akasema haraka. "Wekeni dirisha. Dirisha lionekane vizuri."

Nikafurahi kwamba ameanza kuchangamka. Nikatengeneza fremu ya dirisha ya maboksi, nyembamba kuliko ilivyo kweli, nikapanga na watu wawili wa kuishika.

Siku ilipofika uwanja ulijaa tangu magharibi. Moto wa matawi ya mitende ulikuwa unawaka katikati, wanawake upande wa ukuta, wanaume mbele, watoto kila mahali. Mimi nilisimama mwisho kabisa wa wanawake, Taazza ubavuni mwangu, na kutuzunguka pamebaki nafasi kama tuna ukoma. Bihi alikuwa kiti cha mbele, kanzu mpya, njiti mdomoni. Alikuwa ameuza vizuri.

Wavaa vinyago wakaingia kwa ngoma. Wakamwigiza mganga wa meno kwanza, kisha afisa mmoja na koti lake. Watu wakacheka kwa ustaarabu. Halafu Bihi wangu akaingia.

Sikuhitaji kumtaja. Abella ndiye aliyemvaa, na Abella amemtengenezea Bihi viatu miaka mingi, anajua anavyotupa mguu. Alipiga hatua moja tu, ile nyusi ya kushoto juu, na uwanja mzima ukapasuka. "Haji! Haji! Bei gani hiyo bastola?" Watoto wakamning'inia kwenye kitambi. Bihi halisi akacheka pia, nikaona tumbo linacheza, na nikasema: cheka, baba, bado.

Kinyago kikafika kwenye dirisha. Kikaangalia kushoto, kikaangalia kulia, kikabusu fundo la nywele za mbuzi. Hapo wanawake wakaacha kucheka. Wote walielewa. Yamna akageuza shingo kuniangalia, nami nikamwangalia vilevile, sikupepesa.

Halafu kinyago kikaingiza kichwa dirishani. Kichwa kikapita, mabega yakapita, kitambi kikagoma. Kikakwama katikati, makalio nje kuelekea kwa watazamaji, miguu inapiga hewa. Wavaa vinyago wengine wakaja kumsukuma kwa nyuma, na watoto, wale wale wa chumbani kwangu, wakaanza kuhesabu bila kuambiwa na mtu, kwa sauti tuliyokuwa tukihesabia vifuniko: "Moja! Mbili! Tatu! Nne!" Kila namba msukumo. Kila msukumo kishindo cha gunia kilichotengenezwa na Abella mwenyewe kwa mdomo wake. Watu walikuwa wanaanguka. Imamu alikuwa anajifuta machozi.

Bihi alivumilia nyusi. Alivumilia miwani, njiti na kitambi. Hata fundo la nywele alilivumilia, akawa anatikisa kichwa kama mtu asiyehusika. Lakini makalio dirishani, mbele ya wakwe zake na wateja wake, yalimshinda. Nilimwona masikio yanabadilika rangi. Watoto walipofika "Nane!" akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Uongo!" akapiga kelele. "Uongo mtupu! Mimi nipite dirishani? Mimi? Kama mwizi wa kuku? Mimi ni Haji! Nilipita mlangoni! Nilifungua kwa ufunguo kama mtu mwenye heshima zake!"

Ngoma zikanyamaza. Hata watoto wakaacha kuhesabu.

Yaa Rabi, raha niliyoisikia! Ilinipanda toka kwenye nyayo. Kasema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu walewale! Nilitaka kupiga vigelegele. Bihi alikuwa bado kafungua mdomo, njiti imemng'ang'ania kwenye mdomo wa chini, na nikaona anavyoelewa polepole alichokisema.

"Ufunguo gani, Haji?" Sauti ikatoka ndani ya uso wake mwingine. Abella hakuvua kinyago. "Ufunguo umeupata wapi?"

"Sikuiba," akasema Bihi.

"Ulipewa na nani? Na nywele ulipewa na nani?"

Bihi akageuka, akatazama upande wa wanawake, akawa hana pa kushika tena. "Msinitazame mimi peke yangu," akasema. "Muulizeni Taazza. Muulizeni mdogo wake Ijja."

Nywele za Tuda. Kila asubuhi, mlangoni, kitana mkononi.

Yamna alinifikia wa kwanza. Akanibusu bega, akanibusu kichwa, analia, "Nisamehe, Lalla, nisamehe, kesho namleta mwenyewe, kesho asubuhi." Na wengine nyuma yake, wote wale waliokuwa wananikwepa, sasa wananigombania. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, chote, hakuna kilichopungua. Nikanyoosha mkono ubavuni kumshika mdogo wangu, nikashika hewa.

Nilimkuta nyumbani kakaa kwenye ngozi ya kondoo, taa imewashwa, hajavua hata mtandio. Hakuwa analia. Machozi alikwisha kuyatumia dirishani siku ile.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Atafungua chumba cha watoto juu ya duka. Kimepakwa rangi, kina viti. Kaniambia kitakuwa changu."

"Chako wewe? Na midoli yake ya kufa?"

"Changu. Niitwe Lalla Taazza." Akanitazama. "Kwako mimi naitwa nani? Taazza lete gundi. Taazza kaokote vifuniko. Watu wananiona nainama barabarani wanacheka, mwanamke mzima anaokota takataka kwa ajili ya dada yake."

"Ungeniambia!"

"Nilikwambia uliache jambo hili. Uliniambia nikate vizuri, nisipinde."

"Na mimi niitwe Mchawi? Ulinisikia navyolia, Taazza. Ulikuwa chumba cha pili unanisikia."

"Sikujua watakufanyia vile. Nilidhani watawatoa watoto tu, basi."

"Watoto tu!" nikasema. "Watoto tu!"

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nikamsikia anafunga mzigo wake, anatoka. Sikumuuliza anakwenda wapi. Mji ni mdogo, na kwa Bihi hakuendeki tena.

Asubuhi watoto walirudi. Wote, na wengine ambao sikuwahi kuwa nao. Mama zao waliwaleta na mayai, mkate wa shayiri, chupa za mafuta ya argani, na kila mmoja alisimama kidogo mlangoni apate kunieleza kwamba yeye toka mwanzo hakuamini. Nikawapokea. Niliwakumbuka mmoja mmoja, aliyefunika uso wa mwanawe ni nani na aliyesahau kiatu ni nani, lakini nikawapokea. Abella akapita, kakauka sauti kwa kelele za jana.

"Watu wanataka tena," akasema. "Leo ndiyo ya mwisho ya vinyago. Wanataka tena Bihi."

"Bihi kaisha," nikamwambia.

"Basi nani?"

Sikumtajia jina. Nilisema nitamletea kabla ya jua kuzama.

Watoto walikuwa wamekwisha kumwaga vifuniko sakafuni, wanahesabu kwa kelele, wote wanaanzia nane na kucheka. Tuda hakucheza. Alikuwa kasimama palepale mlangoni, kitana mkononi, nywele zake nyekundu zimesimama kila upande.

"Lalla Taazza yuko wapi? Nani atanichana?"

"Njoo nikuchane mimi."

Nikamchana. Nilimuumiza kidogo, akajikunyata. Nilipomaliza nikakusanya nywele zilizobaki kwenye kitana nikazitia motoni, mbele yake, azione zinaungua. Kisha nikavuta kipande kikubwa cha boksi, nikaketi naye chini, nikaanza kuchora.

Bihi alinisumbua, ilibidi nimkumbuke kipande kwa kipande. Huyu hakunisumbua. Uso huu niliuosha mwenyewe ukiwa na maziwa mdomoni. Paji pana, kidevu kidogo, ule mdomo wake unaobonyea upande mmoja anapokata kitu kwa mkasi. Mkono ulikwenda wenyewe. Watoto wakaacha vifuniko, wakasogea, wakaanza kubahatisha. Mmoja akasema ni mama yake, mwingine akasema ni bibi arusi. Tuda akauinamia ule uso kabla sijautia macho.

"Ni Lalla Taazza!" akasema, akapiga makofi. "Anarudi?"

"Leo jioni," nikasema. "Uwanjani. Watu wote watamwona."

Akafurahi sana, akaanza kurukaruka. Nikashika mkasi, nikaanzia kwenye sikio, nikakata vizuri bila kupinda.

"Tuda," nikamwambia, "lete gundi."